Namna ya Kuchagua Kizibao cha Reflekta Chenye Mfuko wa Kishikwambi kwa Msimamizi wa Ujenzi

Tangu makandarasi waanze kuwapa wasimamizi vishikwambi (tableti) badala ya mirundo ya michoro ya karatasi, maswali ninayoletewa na watunza stoo na maofisa ununuzi wapya hayabadiliki: tununue rangi gani, je, kishikwambi cha inchi kumi kitaingia mfukoni, na kwa nini vizibao tulivyonunua mwaka jana mafomani wanavitundika kwenye misumari ya kontena badala ya kuvivaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua vazi hili kwa mara ya kwanza, hasa kwa kazi za barabara na majengo katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Mara ya kwanza nilipokabidhiwa jukumu hili nilinunua vizibao kumi na viwili baada ya kupima kishikwambi kitupu, bila kava lake. Siku ya kuvigawa, kila kishikwambi kiliingia mfukoni hadi katikati kikakwama, sehemu iliyobaki ikachomoza nje kama sahani kwenye kichanja, na hakuna zipu hata moja iliyofungika. Wiki ya pili fomani mmoja alichuchumaa kusoma pimamaji kwenye ukingo wa barabara, kishikwambi kikateleza taratibu kutoka mfukoni kikatua kwenye zege bichi, kioo kikiwa chini. Tulikiosha na kukianika, lakini hakikuwaka tena.

Ugumu wa vazi hili ni kwamba lina kazi mbili zinazogombania nafasi moja. Rangi na tepe za kuakisi mwanga zinataka sehemu ya mbele iwe wazi ili dereva wa tipa amwone mvaaji mapema. Mfuko mkubwa nao unataka sehemu hiyohiyo ya mbele. Kwa hiyo chagua kwanza kizibao kinachoonekana, kisha katika vile vinavyoonekana tafuta chenye mfuko unaofaa. Anayeanza na mfuko huishia kununua begi la kuvaa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Usiende dukani wala usiombe bei kabla ya kuwa na vitu vifuatavyo mkononi:

- Kishikwambi chenyewe kitakachotumika, kikiwa ndani ya kava lake, pamoja na kalamu yake kama ipo.
- Futi ya fundi cherehani. Ile ya chuma haipindi vizuri ndani ya mfuko.
- Kipande cha boksi gumu na mkasi, kwa ajili ya kutengeneza mfano wa kishikwambi utakaoweza kuzunguka nao madukani bila kuhatarisha kifaa.
- Mizani ndogo ya jikoni au ya dukani.
- Tochi, au simu yenye tochi.
- Orodha ya wasimamizi na vipimo vya vifua vyao vilivyochukuliwa wakiwa wamevaa nguo za kazi.
- Msimamizi mmoja aliye tayari kujaribu kizibao kwa siku nzima. Mchague yule anayelalamika kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye atakayekuambia ukweli.

Ni vyema pia kujua kwamba gharama hii si ya mfanyakazi. Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Ukikuta mahali ambapo fomani amejinunulia reflekta barabarani kwa muuza vifaa vya bodaboda, hapo ofisi imekwepa wajibu wake, na huenda kizibao hicho hakijafikia kiwango chochote.

Hatua za kufuata

1. Tambua daraja la kizibao linalohitajika

Kiwango kinachotumika sana duniani kwa mavazi haya ni ISO 20471 cha mwaka 2013, ambacho kinayagawa mavazi katika madaraja matatu kwa kuangalia ukubwa wa eneo la rangi ang'avu na ukubwa wa eneo la utepe wa kuakisi. Daraja la 1 linahitaji angalau mita za mraba 0.14 za rangi na 0.10 za utepe. Daraja la 2 linahitaji 0.50 za rangi na 0.13 za utepe. Na Daraja la 3 linahitaji 0.80 za rangi na 0.20 za utepe. Upana wa utepe usipungue milimita 50.

Kwa msimamizi anayetembea kati ya magari na mitambo, usishuke chini ya Daraja la 2. Kizibao kisicho na mikono kwa kawaida huishia hapo, kwa kuwa Daraja la 3 linataka vazi lifunike kiwiliwili na pia mikono au miguu. Kama msimamizi wako anafanya kazi usiku pembeni ya barabara ambayo magari hayajafungiwa, kizibao peke yake hakitoshi. Mnunulie pia suruali yenye tepe, au koti lenye mikono. Daraja la 1 waachie watu wanaokaa mbali na mitambo, kama vile wageni wanaotembezwa kwenye njia iliyowekewa uzio.

2. Chagua rangi kwa kutazama mandhari ya kazi

Wengi huchagua rangi kwa sababu ndiyo ya nembo ya kampuni, na hapo hukosea. Simama katikati ya eneo la kazi, uangalie kile kitakachokuwa nyuma ya mgongo wa msimamizi wako. Kwenye udongo mwekundu wa tuta la barabara, rangi ya machungwa humezwa, ilhali njano inayoelekea kijani hujitokeza vizuri. Kwenye nyasi ndefu, migomba au mashamba ya mkonge, njano hiyohiyo hupotea na machungwa hushika. Mahali penye vijiko, greda na rola nyingi, ambazo aghalabu zimepakwa rangi ya njano kiwandani, mtu mwenye kizibao cha njano akisimama kando ya mtambo huonekana kama sehemu ya mtambo.

Hakuna rangi moja iliyokubaliwa kila mahali kuwa ndiyo ya wasimamizi. Kila mradi hujiwekea utaratibu wake, nawe ukishaupanga uueleze kwa kila mtu siku ya kwanza anapoingia kazini. Epuka tu kununua kizibao cheusi au cha bluu chenye mistari ya kuakisi, hata kama muuzaji atasema ndicho wanachovaa mabosi; mchana kizibao hicho hakina rangi ya kumtahadharisha dereva.

3. Pima kishikwambi pamoja na kava lake

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Inchi zinazotajwa kwenye boksi la kishikwambi ni za kioo, tena zinapimwa kutoka pembe hadi pembe. Hazikuambii upana wa kifaa. Chukua mfano wa Apple iPad ya kizazi cha 10 yenye kioo cha inchi 10.9 na Samsung Galaxy Tab A9+ yenye inchi 11. Ukisoma inchi tu, utadhani ya kwanza ndiyo nyembamba. Ukipima, iPad ina upana wa milimita 179.5 na Galaxy ina milimita 168.7, yaani ile yenye inchi chache ndiyo pana zaidi kwa takriban sentimita moja. Sentimita moja inatosha kuzuia zipu isifungike. Neno kishikwambi lilizoeleka kwa wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na mpaka leo bado kuna watu wanaodhani vishikwambi vyote vina ukubwa mmoja.

Weka kishikwambi mezani kikiwa ndani ya kava, kisha pima upana, urefu na unene katika sehemu iliyotokeza kuliko zote, ikiwemo mpini au kamba ya kushikia. Mfuko uliolala bapa hupoteza nafasi unapomeza kitu kinene, kwa hiyo hesabu hivi:

- Upana wa ndani wa mfuko uwe sawa na upana wa kifaa, jumlisha unene wake, jumlisha milimita 10 za nafasi.
- Kina cha mfuko kiwe sawa na urefu wa kifaa, jumlisha nusu ya unene, jumlisha milimita 30 za kufungia.

Tuseme kishikwambi ndani ya kava gumu la mpira kina upana wa milimita 205, urefu wa 275 na unene wa 22. Mfuko wake utahitaji upana wa 205 + 22 + 10, yaani milimita 237, na kina cha 275 + 11 + 30, yaani milimita 316. Vipimo hivyo viandike kwenye boksi gumu, kata mfano wa kifaa chenye unene uleule kwa kubandika matabaka kadhaa ya boksi, nao ndio utakaokwenda nao dukani.

Pima na uzito. Galaxy Tab A9+ bila kava ina gramu 480; ukiongeza kava gumu na kalamu, unaweza kukaribia gramu 800. Uzito huo upande mmoja wa kifua, kwa saa tisa za kazi, si jambo dogo kwa shingo ya mtu.

Iwapo ofisi bado haijanunua vishikwambi, shauri vile vya inchi 8 vilivyotengenezwa kwa kazi ngumu. Galaxy Tab Active5, kwa mfano, ina upana wa takriban milimita 127 na urefu wa milimita 214, na mifuko ya kuitosha hupatikana kwa urahisi zaidi. Mchoro wa nondo utaonekana mdogo kidogo, lakini kifaa kitakuwa mfukoni mwa msimamizi badala ya kuachwa juu ya dashibodi ya gari.

4. Amua mahali pa mfuko

Kizibao cha saizi L kikilazwa bapa huwa na upana wa karibu milimita 600, maana yake kila upande wa mbele una milimita 300 hivi, zipu ya katikati ikiwemo. Rudi kwenye mfano wetu: ukitaka kukiingiza kishikwambi kile kikiwa kimelala, mfuko utahitaji upana wa 275 + 22 + 10, yaani milimita 307, na kizibao hakina nafasi hiyo. Kishikwambi kikubwa lazima kiingie kikiwa kimesimama. Mfuko uliosimama wenye kina cha milimita 316 nao, kwenye kizibao chenye urefu wa sentimita 65 au 70, utakutana na utepe wa kifuani au wa tumboni, na mara nyingi utakutana na zote mbili.

Kwa sababu hiyo mfuko wa ndani ndio unaofaa kwa kishikwambi cha inchi kumi na kuendelea. Upande wa nje unabaki na rangi na tepe zake, na kishikwambi kinakaa kati ya kitambaa na mwili, mbali na nondo zinazochomoza. Ubaya wake ni jasho. Tafuta mfuko ambao upande wake unaogusa mwili umeshonwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, ilhali mgongo wa kizibao ni wavu ili hewa ipite.

Mfuko wa nje unakubalika kwa kishikwambi cha inchi 8, mradi mfuko wenyewe uwe na rangi ileile ang'avu na utepe uendelee juu yake bila kukatika. Mfuko mweusi wa nje huonekana maridadi na hauoneshi uchafu, lakini kila sentimita yake nyeusi imepunguzwa kutoka kwenye eneo linaloonekana, na juani hupata moto.

Mifuko ya mgongoni siipendekezi kabisa. Msimamizi husahau kwamba amebeba kifaa, akaegemea nguzo au akaketi kwenye kiti cha gari, na kioo kikapasuka pasipo yeye kujua.

5. Soma lebo ya ndani kabla ya kusikiliza maelezo ya muuzaji

Geuza kizibao utafute lebo iliyoshonwa, si iliyoning'inizwa kwa uzi. Lebo ya kweli ina jina la mtengenezaji, namba ya kiwango, saizi, maelekezo ya ufuaji, na mchoro mdogo wa kizibao wenye namba pembeni yake. Namba hiyo ndiyo daraja. Ukikuta mchoro una namba mbili na maandishi EN 471, fahamu kwamba hicho ni kiwango cha zamani cha Ulaya kilichotangulia ISO 20471, na huenda mzigo huo umekaa ghalani miaka mingi. Vizibao vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa ANSI/ISEA 107, navyo vina madaraja yake. Aina R, ya Daraja la 2 au la 3, ndiyo inayokusudiwa kwa kazi za barabarani.

Tahadhari: kizibao kinaweza kuwa na mistari inayong'aa vizuri na bado kisiwe na lebo yoyote. Maduka ya Kariakoo na Gerezani yanauza vyote viwili bega kwa bega, kile chenye lebo na kile kisicho nayo, na kwa macho ya haraka havitofautiani. Muuzaji akikuambia kwamba lebo ilitolewa kwa sababu inawasha shingoni, mshukuru uendelee na safari yako.

6. Kagua ushonaji, zipu na mabega

Pitisha kidole ndani ya mfuko hadi kwenye pembe za chini. Pembe hizo ndizo hubeba uzito wote msimamizi anaporuka mtaro, kwa hiyo zinatakiwa ziwe na mishono ya kurudiarudia au kipande cha kitambaa cha ziada. Vuta mfuko kwa mkono kuelekea chini. Ukiona kitambaa cha mbele kinatengana na mshono na kuacha matundu, kirudishe.

Kuhusu vifungo, zipu ya meno makubwa ya plastiki huvumilia vumbi la saruji kuliko ile ya meno madogo ya chuma, ambayo hushika kutu na kugoma. Velkro ni nyepesi kufungua kwa mkono mmoja, lakini hujaa vumbi la mbao na nyuzi, na baada ya miezi michache haishiki. Mfuko bora una zipu, kisha kifuniko kidogo cha kitambaa juu yake cha kuzuia mvua.

Angalia mabegani pia. Baadhi ya vizibao vimeunganishwa kwa velkro mabegani na ubavuni ili, vikinaswa na mtambo, viachie na kumwokoa mvaaji. Ni jambo jema sana karibu na mashine zinazozunguka. Hata hivyo, kishikwambi cha gramu 800 huivuta velkro ya bega siku nzima, na kizibao huanza kuachia mtu akiwa anatembea tu. Kama eneo lako lina hatari ya kunaswa, baki na kizibao kinachoachia na upunguze ukubwa wa kishikwambi. Usishone mabega ili kubeba kifaa.

7. Kijaribu mwilini kwa kazi halisi

Mvalishe yule msimamizi mlalamishi kizibao chenye kishikwambi ndani, zipu ikiwa imefungwa, kisha mwambie afanye mambo haya bila kushikilia mfuko: achuchumae kama anayesoma pimamaji, ainame kufunga kamba za buti, apande ngazi hatua sita na kushuka, aketi kwenye gari na kufunga mkanda, na atembee haraka umbali wa mita hamsini. Anapochuchumaa, ukingo wa chini wa kishikwambi usimchome pajani. Anapopanda ngazi, mfuko usinase kwenye vipago. Anapotembea haraka, kishikwambi kisiruke na kumpiga mbavuni.

Halafu mtazame anavyokitoa. Anatakiwa akitoe na kukirudisha kwa mkono mmoja akiwa amevaa glavu, kwa sababu mkono wa pili mara nyingi una redio au kalamu. Ikiwa inambidi afungue kizibao chote ili kufikia mfuko wa ndani, atakiacha wazi siku nzima kikipepea, na kizibao kilichoachwa wazi hakioneshi tepe za mbele.

8. Kifanyie jaribio la tochi jioni

Huku kwetu karibu na Ikweta giza halibishi hodi. Dar es Salaam jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi jioni mwaka mzima, likiwahi au kuchelewa kama robo saa, na muda si mrefu baadaye rangi ang'avu inakuwa haina msaada tena kwa sababu inategemea mwanga wa jua. Kinachobaki ni utepe, nao unategemea taa za magari.

Msimamishe mvaaji umbali wa hatua thelathini, akiwa na kishikwambi mfukoni. Shika tochi usawa wa jicho lako, karibu na shavu, ummulike. Utepe hurudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana ukishika tochi kiunoni utaona umefifia na utadhani ni mbovu. Mwambie ageuke polepole mzunguko mzima. Unachotafuta ni utepe unaomzunguka bila pengo kubwa. Ukiona shimo jeusi upande wa mfuko, basi mfuko umeufunika utepe au umeukunja, na kizibao hicho hakifai hata kama lebo yake ni safi.

9. Nunua viwili kwanza, kisha andika masharti ya oda

Usikubali kununua ishirini kwa sababu ya punguzo. Nunua viwili vya saizi tofauti, vitumike wiki mbili, vifuliwe mara tatu, ndipo uagize vilivyobaki. Kwenye barua ya oda andika kwa maneno kamili: kiwango na daraja, rangi, vipimo vya ndani vya mfuko kwa milimita, mahali mfuko ulipo, aina ya zipu, na saizi za kila mtu. Usiandike tu kwamba mfuko uwe wa kishikwambi cha inchi kumi. Nembo ya kampuni iwe ndogo na isiguse utepe. Maandishi makubwa ya mgongoni nayo hupunguza eneo la rangi.

Je, fundi cherehani anaweza kuongeza mfuko?

Swali hili huja kila mara, na jibu langu ni kwamba anaweza, ila kwa uangalifu mkubwa. Mfuko ukishonwa nje, unafunika rangi na sindano inatoboa utepe. Kizibao hicho hakiwezi tena kudaiwa kuwa cha Daraja la 2, na mkaguzi akikikataa atakuwa na haki. Ikiwa hapana budi, mfuko ushonwe ndani, uning'inizwe kutoka kwenye mshono wa bega na kushikizwa kwenye pindo la chini na mshono wa ubavuni, bila uzi hata mmoja kupita kwenye utepe. Mwoneshe fundi mfano wa boksi, wala usimtajie inchi.

Kwa wachomeleaji na wanaosimama karibu nao, usifanye hivi kabisa. Vizibao vingi vya kawaida ni vya poliesta, ambayo huyeyuka na kugandia kwenye ngozi cheche zinapodondoka. Hao wanahitaji vizibao vya kitambaa kisichoshika moto, vilivyoandikwa hivyo kwenye lebo.

Matatizo yanayojitokeza baada ya kununua

*Kishikwambi kinazima chenyewe au kinaonesha onyo la joto.* Apple wanaeleza kwamba iPad imekusudiwa kutumika kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Januari na Februari hapa pwani, ukijumlisha jua, kava nene na kifua cha mtu anayetembea, kiwango hicho kinapitwa kwa urahisi. Kitoe mfukoni, kiweke kivulini bila kava, usikiweke kwenye kidumu cha maji baridi wala ndani ya friji kwa kuwa umande wa ndani utakiharibu. Ikiwa tatizo linajirudia kila siku, badilisha kava kabla ya kubadilisha kizibao. Na ukiona kishikwambi kimevimba mgongoni, betri imeharibika. Kisirudi mfukoni mwa mtu hata kwa dakika moja.

*Kizibao kinavutwa upande mmoja na shingo inauma.* Hamishia redio, futi na daftari upande wa pili ili uzito ulingane. Isipotosha, kizibao ni kikubwa mno kwa mvaaji. Kizibao kinachobana kidogo ubavuni, chenye mikanda ya kurekebisha, hubeba uzito vizuri kuliko kinachoning'inia.

*Mfuko wenye dirisha la plastiki hauruhusu kugusa kioo.* Madirisha hayo huuzwa kwa sifa kwamba utatumia kishikwambi bila kukitoa. Kwa uzoefu wangu hupata ukungu kwa jasho asubuhi ileile, na jua huyafanya manjano na magumu. Tumia mfuko kwa kubebea tu, na kishikwambi kitolewe kinapotumika, msimamizi akiwa amesimama nje ya njia ya mitambo. Mtu anayesoma kioo huku akitembea nyuma ya tipa inayorudi nyuma hasaidiwi na reflekta ya daraja lolote.

*Utepe unabanduka au umefifia mapema.* Mara nyingi kosa liko kwenye ufuaji. Usitumie jiki, usisugue utepe kwa brashi, wala usipitishe pasi juu yake. Fua kwa mkono au kwa maji ya uvuguvugu kulingana na alama ya lebo, na anika kivulini. Lebo nyingi hutaja idadi ya juu ya kufuliwa. Andika tarehe ya kuanza kutumika kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika, na mtunza stoo aweke alama kila kizibao kinaporudi kutoka kufuliwa.

*Rangi imepauka lakini utepe bado unang'aa.* Weka kizibao hicho kando ya kipya, nje, mchana. Kama unakitambua kilichochakaa ukiwa umbali wa hatua kumi, kiondoe kazini. Kabla ya kukitupa, kata mfuko wake kwa mkasi ukiacha mishono. Mfuko uliopimwa vizuri ndio kielelezo bora cha kumpelekea muuzaji katika oda inayofuata. Kizibao kilichobaki kichane vipande viwili, maana usipokichana kitaokotwa na kesho yake utakikuta kimevaliwa na kibarua mpya getini.